Mwenye Mfereji wa Soko

Komini yenyewe, sehemu ile ya mji yenye baraza na mkuu wake, sitaitaja. Watoto wa yule mkuu wa komini bado wapo, wanavaa suti kama baba yao na wanapenda mashitaka kama baba yao. Inatosha mjue kwamba mji ulikuwa Stanleyville, ambao sisi wenyewe tuliuita Kisangani hata mbele ya Wabelgiji, na kwamba katika komini hiyo kulikuwa na soko, kando ya soko kulikuwa na mfereji, na kando ya mfereji kulikuwa na nyumba yangu. Nilikuwa nakaanga mikate pale kwenye kona. Ninachosimulia nilikiona kwa macho, na nisichokiona nilikisikia harufu.

Nasimulia habari za Camille, mtu wa mfereji. Tangu afe watu wamemfanya mtakatifu, wanasema alikuwa na busara, alikuwa mpole, alikuwa hivi na vile. Uongo mtupu. Alikuwa mbishi, alikuwa msumbufu, na alinitia hasira kuliko wanaume wote niliowajua, pamoja na wale wawili niliowahi kuolewa nao.

Mfereji wenyewe ulianza nyuma ya mabucha, ukapita mbele ya mlango wangu, ukaingia kwenye bomba kubwa la zege chini ya barabara, kisha ukateremka mtoni. Hivyo ndivyo wazungu walivyouchora. Kwa kweli maji hayakuwa yanafika mtoni. Yalifika kwenye bomba, yakakuta majani ya kufungia kwanga, ule mkate wetu wa muhogo, maganda ya ndizi, utumbo wa mbuzi, viatu vilivyokufa, siku moja godoro zima, basi yakageuka na kuja kulala kwangu. Mvua ikianza nilikuwa napandisha unga juu ya kabati kabla sijapandisha watoto. Watoto walijua kuogelea, unga haukujua.

Kila mtu alitupa mle. Ukimuuliza kwa nini, jibu lilikuwa moja: "Iko ya Leta." Leta ndiyo serikali, kwa midomo yetu. Kitu cha Leta hakikuwa na mwenyewe, na kitu kisicho na mwenyewe kilikuwa jalala. Leta ilituma watu wa afya na dawa ya kunyunyiza mbu, ikatuma askari wa kutoza faini, ikabandika matangazo. Tulisubiri waondoke, tukaendelea kutupa.

Mwaka 1954 mzungu wa ofisi ya barabara alituletea Camille.

Camille alikuwa Mgenia, mtu wa maporomoko. Mnawajua Wagenia: wanasimika miti mikubwa kati ya miamba, maji yanapovuma, na kwenye miti ile wananing'iniza makapu makubwa ya kunasa samaki. Kila mahali pa kusimika miti pana mwenyewe. Katika ukoo wa Camille mahali palitoka kwa baba pakaenda kwa mtoto, na wanaume walipokutana kunywa walisema kwa zamu, kufuatana na mahali pao. Sasa Camille alikuwa mtoto wa nne. Baba yao alipokufa, kaka zake watatu waligawana mahali, yeye akabakiziwa kasia. Mtu mzima, ana mke, ana ndevu, anakula samaki wa kupewa. Kwenye kikao, kikombe kilipomfikia alikunywa akakipitisha, maana hakuna aliyengoja neno lake. Jambo hilo lilimchoma moyo kila siku ya Mungu, na mke wake, Georgette, hakumwacha asahau.

Ndiyo maana akaja kutafuta kazi mjini. Walimfanya kantonye. Kantonye ni mtu anayepewa kipande kimoja cha barabara au mfereji akitunze: anapewa sepetu, reki, kofia ya kaki, basi. Wale wengine tuliowahi kupewa walifagia siku mzungu anapopita, siku zilizobaki walilala chini ya kibanda changu na kula mikate yangu kwa maneno matamu. Camille hakulala. Mafuriko ya kwanza yalipomshinda, alitoweka kidogo, akarudi na miti mirefu begani na mzigo wa kamba za msituni. Siku ya soko, mchana kweupe, akasimika miti mitatu mbele ya mdomo wa bomba, akaifunga, akaning'iniza kapu lenye mdomo mpana kama mlango. Kisha akasimama kando yake tangu asubuhi mpaka wauzaji wanafunga mizigo, akituangalia nyuso mmoja mmoja.

Nilimuuliza anangoja nini.

"Ninangoja mutu wa kukataa, Mama Asha. Kama iko mutu anakataa, aseme leo."

"Akatae nini?"

"Mahali."

Akanieleza. Kwao, mahali pasipo na mwenyewe panachukuliwa hivyo hivyo: unasimika miti mbele ya watu, jua likiwaka, na kama mto umejaa na kupungua bila mtu kuja kukataa, pamekuwa pako na pa watoto wako. Nikacheka mpaka mafuta yakaungua.

"Papa Camille, hapa nani atakataa? Hii iko mavi tu!"

Akatikisa kichwa kwa heshima, akanishukuru. Nilikuwa nimemtukania mfereji, yeye akanihesabu shahidi.

Mto ulijaa, ukapungua. Leta haikukataa, kwa sababu Leta haikuona. Mzungu aliyemwajiri alikwenda likizo Ulaya, na yule aliyemrithi hakuwahi kushuka kwenye gari mtaani kwetu kwa ajili ya harufu. Kapu lilinasa taka, Camille alilimwaga kila asubuhi na kuchoma kilichoungua, na nyumba yangu ikakauka. Tena lilinasa kitu kingine. Mto ukijaa, ngolo, wale kambare wa mtoni, walipanda mfereji kutafuta ule utumbo wa mbuzi, wakipenya pembeni mwa kapu, na maji yakishuka walishuka nayo wakaingia ndani. Ngolo wanene! Georgette aliwakausha kwa moshi na kuwauza. Watu walikunja pua wiki moja, wiki ya pili wakaanza kununua. Mimi pia nilikula. Ngolo wa mfereji ana mafuta kuliko ngolo wa mto, na sitaki mtu anieleze sababu.

Samaki wa kwanza Camille alimpelekea kaka yake mkubwa, Benoît, kule kwenye maporomoko. Kaka akimpokea samaki, amekubali kwamba mdogo wake ana mahali. Georgette alikwenda naye, akarudi ananisimulia huku anapiga paja kwa uchungu. Benoît hata hakunyoosha mkono. Alisema mbele ya ndugu wote:

"Mahali ya mutu, watu wanakuja kuiomba. Miye, wanakuja. Arusi wanakuja, kilio wanakuja: Papa Benoît, utuachie mahali yako siku moja. Ile shimo yako ya mavi, nani atakuja kukuomba?"

Ndugu walicheka. Camille alirudi na samaki wake, na kuanzia siku hiyo alikuwa anafanya kazi pale kama mtu aliyetukanwa asubuhi hiyo hiyo. Kila alichotaka duniani kilikuwa kimewekwa kwenye lile swali la Benoît, na sote mtaani tulijua jibu lake: hakuna.

Mwisho wa mwaka 1958 tukapiga kura. Wabelgiji walikuwa wametugawia mambo yale ambayo wao hawakuyapenda, yaani masoko, takataka na mifereji, wakayaita maendeleo. Komini yetu ikapata mkuu wake, mtu aliyekuwa akiuza baiskeli, na mkuu akapata wasaidizi. Wa barabara, mifereji na takataka alikuwa Désiré, mwalimu wa zamani wa shule ya msingi, ambaye angeweza kumfundisha kuku namna ya kutaga. Cheo chake kiliitwa échevin. Alikitamka vizuri sana.

Wiki ya kwanza ya kazi alikuja kukagua mfereji akiwa amevaa viatu vyeupe. Vyeupe, sokoni! Akaona miti, akaona kapu, akamwona Camille amekaa juu ya jiwe anatengeneza kamba.

"Hii nini?"

"Mahali yangu."

"Mufereji iko ya komini, papa."

"Komini ilikuwa wapi siku nilisimika miti?"

Mwaka 1954 komini ile haikuwako. Nikamuuzia mwalimu mkate, maana alikuwa amebaki na mdomo usio na kazi.

Jambo likapelekwa kwenye baraza. Ukumbi ulijaa, maana hatukuwa na sinema mtaani. Nilisimamishwa kutoa ushahidi na nikasema kweli: alisimika miti mchana, hakuna aliyekataa, mimi nilisema ni mavi. Waliomchagua mkuu wakalipigia makofi lile neno la mavi. Mjumbe mmoja akataka Camille afungwe. Mwingine, aliyeoa kwa Wagenia, akakohoa na kukumbusha kwamba wakati wa kampeni wote waliapa kuheshimu desturi za watu. Hapo wakaanza kutazamana, kila mmoja akikumbuka alichoapa na kwa nani.

Désiré ndiye aliyeinuka, uso unang'aa. Alikuwa amepata njia.

"Bon. Iko yake. Desturi tunaiheshimu. Alors, sheria ya komini inasema nini? Kila mutu anasafisha parcelle yake, kiwanja yake. Komini hailipi mutu afagie kwake. Donc: Papa Camille anabaki na mufereji, komini inabaki na mushahara."

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Mkuu wa komini alipangusa machozi kwa tai yake. Hata mimi nilicheka, Mungu ananijua, maana ilikuwa imepigwa vizuri. Kisha mkuu akamwambia Camille achague mbele ya watu wote: kazi na mshahara, aondoe miti yake, au miti bila kazi. Akampa mpaka kesho yake afikirie.

Camille hakungoja kesho. Alivua kofia ya kaki, akaiweka juu ya meza ya baraza, akatoka na kipara chake.

Georgette alikuwa amekaa karibu nami. "Mungu wangu," akasema, "kumbe nimeolewa na mufereji."

Komini ilifurahi sana. Ilikuwa na mfereji unaosafishwa bure. Kwa mshahara uliookolewa walitundika mapazia ofisini, mekundu, na tukaitwa kuyatazama.

Walifikiri atachoka. Wote tulifikiri hivyo. Lakini sasa tukaanza kujua tofauti ya Leta na Camille: Leta haina macho, Camille anayo mawili na hayafumbi. Mfereji haukuwa tena wa hakuna mtu. Ulikuwa kwake, na ukitupa kitu umetupa chumbani kwa mtu. Muuza nyama alimwaga utumbo, Camille akauokota wote kwenye beseni, akampelekea nyumbani wakati familia inakula, akauweka mezani taratibu: "Papa, ulisahau hii kwangu." Mtu mmoja alitupa tena godoro, akarudishiwa, limelowa, na wageni wapo. Mimi nilimwaga mafuta yaliyochakaa, siyo mengi, karai moja. Jioni yeye huyo mlangoni na mafuta yangu kwenye sahani.

Nilimtukana. Nilitumia Kiswahili chote nilichotoka nacho Kasongo na Lingala yote niliyojifunza hapa. Akangoja nimalize.

"Mama Asha, miye naweza kumwaga mafuta katika chumba yako?"

Nikamfungia mlango usoni. Kuanzia kesho yake nilichimba shimo nyuma ya nyumba, nikawa namwaga huko, siyo kwa sababu alikuwa na haki, bali kwa sababu sikutaka kuiona tena ile sahani. Wote tulifanya hivyo, mmoja mmoja, kwa hasira. Soko likawa safi kuliko wakati wa faini. Hakuna aliyemshukuru, na angemshukuru nani? Alikuwa havumiliki.

Na alikonda. Hilo pia niliseme. Ngolo ni wa msimu, mshahara ulikuwa wa kila mwezi. Georgette alivaa kikwembe kimoja mwaka mzima, na palikuwa na siku aliponunua mikate yangu ya jana, nami nikajifanya sijui kwamba ni chakula cha jioni.

Mwisho wa mwaka 1959 mji ukapata pesa za kupanua barabara ya soko ili malori yapite. Mfereji ungefunikwa kwa zege mpaka mtoni. Mhandisi alitaka eneo wazi, bila miti wala makapu, na akaiambia komini haraka. Désiré akatuma askari wawili wang'oe.

Askari waliposhika mti wa kwanza, Camille hakupigana. Aliuliza tu, kwa sauti ya kufika upande wa pili wa soko:

"Mulisema mbele ya watu iko yangu. Mulisema ao hamukusema?"

Aliyejibu alikuwa muuza nyama, yule wa utumbo mezani, mtu aliyemchukia Camille kwa moyo wake wote. Alitoka na kisu mkononi.

"Walisema. Nilikuwa pale. Na parcelle yangu, walinipa na mudomo ule ule."

Soko likaanza kunguruma. Maana wote tulikuwa na viwanja vilivyothibitishwa upya na komini ile. Kama wanaweza kumpa mtu mahali mbele ya ukumbi mzima na kumnyang'anya siku mhandisi akipiga kelele, basi nyumba zetu zilikuwa zimesimama juu ya nini? Wauza mboga walisogea, wauza kwanga wakasogea, hata mimi nilijikuta nimesimama na kijiko cha moto. Askari waliachia mti, wakasema wanakwenda kuuliza.

Nasikia mkuu wa komini alimwita Désiré chini ya mapazia mekundu, akamwambia: "Wewe ulimupa, wewe utaenda kumuomba."

Kuomba mahali kuna taratibu zake, na Camille alizituma ofisini zote bila kuacha moja: nyumbani kwake, mchana, na kuku, na kinywaji, mbele ya mkubwa wa familia yake. Ikabidi Benoît aitwe kutoka kwenye maporomoko.

Ilikuwa Jumapili baada ya misa. Nilikaanga mikate ya wageni, bure, jambo ambalo sikulifanya hata kwa ndugu zangu. Benoît alikuwa amekaa kwenye kiti chenye mikono, amevaa koti, hajui aliitiwa nini. Désiré akaingia na tai yake, mkono mmoja chupa, mkono mwingine kuku aliyeshikwa miguu. Kuku alikuwa amekwisha kumchafulia kiatu. Akaanza kwa Kifaransa kirefu.

"Monsieur l'échevin," Camille akasema, "keti kwanza."

Kilichobaki kilikuwa kigoda cha jikoni. Akaketi, magoti karibu na masikio.

"Papa Camille," akasema, safari hii kwa Kiswahili, "komini inakuja kukuomba mahali yako."

Mimi na Georgette tulikuwa tumejipanga. Usiku kucha yeye alikuwa amehesabu bei: kazi irudi na mishahara yake yote ya nyuma, mabati ya nyumba nzima, cherehani. Nilikuwa nimemwongezea duka sokoni. Watu wa komini walikuwa mikononi mwetu, mhandisi anangoja, malori yanangoja, tungeweza kuwakamua mpaka mapazia.

"Sema tena," Camille akasema. "Yaya Benoît, kaka yangu mukubwa, masikio yake iko mazito kidogo."

Masikio ya Benoît yalikuwa mazima kabisa. Désiré akarudia, neno kwa neno, na jasho likamshuka. Benoît alimtazama mtu wa Leta juu ya kigoda, akamtazama mdogo wake, akaomba maji.

"Bon," Camille akasema. "Mumeniomba. Muchukue."

Tulingoja aendelee. Hakuendelea. Désiré naye alingoja, akidhani bei inakuja. Alipoelewa kwamba haiji, aliinuka upesi, akapeana mikono na kila mtu, nusura hata na kuku, akaondoka kabla mwenye nyumba hajageuza nia. Georgette alipiga kelele iliyoleta majirani. Mimi nilimwita mjinga, mara kadhaa, ndani ya nyumba yake, nikila mkate wangu mwenyewe.

Kesho yake asubuhi alikuja kung'oa miti kwa mikono yake. Nilikuwa bado nimejaa hasira. Niliacha karai motoni, nikamfuata mpaka kwenye bomba.

"Mwaka mzima mke wako anakula mikate ya jana! Kwa nini hukuomba hata bati moja? Hata bati moja, Papa Camille?"

Alikuwa amekumbatia mti wa kwanza, anautikisa ulegee kwenye matope. Hakuniangalia.

"Mama Asha. Leta ilichukua ufuko. Ilichukua mahali ya kupitisha reli mpaka Ubundu. Ilichukua mahali mama yangu alinizalia, ikajenga depo. Weye ni mutu wa zamani hapa. Ulishasikia siku moja Leta inaenda kwa mutu, inakaa chini, inamuomba?"

Nilifikiri. Nilifikiri kwa uaminifu, kwa sababu nilitaka sana kumpata.

"Hapana," nikasema.

"Kama ningelipisha, ingekuwa ilinunua."

Mti ukatoka. Akaulaza kando ya barabara, akaushika wa pili. Nikasimama pale nikitafuta tusi, mimi Mama Asha ambaye sijawahi kukosa, na mikate yangu ikaungua yote.